Kwa nini kila mkanda una njiwa: kuzisoma sinema za nyumbani za watalii wa Ulaya baada ya vita

Mwanamke mwenye glavu nyeupe amesimama katikati ya uwanja wa San Marco, Venice. Amenyoosha mikono, na njiwa wamemtua hadi kwenye kofia. Anacheka, ila sauti haipo. Kamera inamwacha, inapanda mnara wa kengele mbio kama mtu anayekimbizwa, inashuka, inatetemeka. Halafu picha inageuka rangi ya machungwa, inakuwa nyeupe kabisa, na inaporudi tuko kwingine: bustani ya maua, mvua ya manyunyu, gari dogo la Kijerumani limeegeshwa kando ya barabara. Hakuna maelezo yoyote. Dakika mbili baadaye mkanda umekwisha.

Aliyewahi kutazama rundo la sinema za nyumbani zilizopigwa na watalii barani Ulaya katika miaka ishirini baada ya Vita vya Pili vya Dunia ameshakutana na tukio hili, au ndugu yake. Njiwa wanaweza kuwa wa Trafalgar Square, mnara ukawa wa Pisa, na mwenye glavu akawa shangazi wa Ohio au mke wa mwalimu wa Hamburg. Mambo yenyewe ni yaleyale. Mikanda hii imepata sifa ya kuchosha, na sifa hiyo si ya kusingiziwa: wageni wengi wamesinzia sebuleni mbele ya shuka jeupe lililowambwa ukutani huku mwenye nyumba akisema, "Subirini, sasa inakuja Roma." (Sisi tuliokulia na mikanda ya harusi ya VHS, ile ya saa tatu ambamo kila shangazi anapita na zawadi yake, tusicheke sana.)

Kuna fundo hapa, hata hivyo. Hifadhi za nyaraka zinaitafuta mikanda hiihii na kuitunza kwenye vyumba vya baridi. Mjini Bologna iko hifadhi ya taifa ya filamu za familia, na kila mwaka katika nchi kadhaa huadhimishwa siku ya sinema za nyumbani, utaratibu ulioanzishwa na wahifadhi wa filamu mwaka 2002. Kitu cha kuchosha kimekuwaje ushahidi? Jibu langu ni kwamba uchoshi na ushahidi vimetoka mahali pamoja. Mtu wa ridhaa hakuweza kukitawala alichokuwa anakipiga. Alilenga mnara, na vitu asivyovilenga vikaingia pamoja nao.

Tuanze na ule mwako mweupe uliokatiza picha za Venice, maana umefungamana na chombo chenyewe.

Mwaka 1923 Kodak ilileta filamu ya upana wa milimita 16 kwa ajili ya nyumbani. Ilikuwa ya asetati, si ile ya naitreti ya majumba ya sinema iliyokuwa ikishika moto kwa urahisi wa kutisha. Pathé ya Ufaransa ilikuwa imetangulia kidogo na milimita 9.5 yake yenye matundu katikati. Lakini filamu iliyosafiri zaidi baada ya vita ni ya milimita 8, iliyozaliwa mwaka 1932, dunia ikiwa katika mdororo wa uchumi, na ujanja wake wote ni wa kubana matumizi. Ulinunua rili ya futi 25 ya upana wa milimita 16. Kamera ilipiga nusu moja tu ya upana huo. Ilipofika mwisho ulifungua kamera, ukageuza rili, ukapiga nusu ya pili. Maabara ikaisafisha, ikaipasua kwa urefu kama mtu anayechana ukindu, kisha ikaunga vipande viwili mwisho kwa mwanzo. Ukaletewa futi 50.

Mwako unatoka hapo kwenye kiungo. Ni pale mtalii alipojibanza kwenye kivuli cha mlango wa duka, au chini ya koti la mkewe, akafungua kamera ageuze rili, na jua likapenya kingo za filamu. Kati ya kipande cha kabla na cha baada huenda zilipita dakika tano, huenda wiki nzima na mpaka wa nchi mbili. Ndiyo maana Venice inaruka kuwa Austria bila hata kupiga hodi. Wapo waliosahau kwamba wameshageuza, wakaipitisha rili mara ya tatu, na matokeo yake ni Mnara wa Eiffel uliosimama juu ya tumbo la mtoto anayeogelea.

Futi 50 hizo, kwa mwendo wa picha 16 kwa sekunde, ni dakika nne na sekunde chache. Basi. Mwenye rili kumi kwa safari ya mwezi mzima alikuwa na dakika arobaini za kugawia Ulaya yote. Kamera yenyewe kwa kawaida haikuwa na betri; ilitiwa ufunguo kama saa ya ukutani, na springi ikajifungua kwa nusu dakika hivi kabla ya kuhitaji kuzungushwa tena. Iwe Bolex ya Uswisi, Eumig ya Austria au Bell & Howell ya Chicago, mkono ulijua kwamba muda unakwisha. Ule ubabaikaji wa kamera, kupanda mnara na kushuka kwa pumzi moja, usiulaumu uvivu wa mtu. Ni mtu anayejaribu kuumeza mnara mzima kabla springi haijalegea. Vitabu vya mafunzo vya wakati huo vilimsihi atumie stendi ya kamera ya miguu mitatu, asiizungushe kamera kama mpira wa kumwagilia bustani, apige kwa karibu. Wachache walitii.

Kisha mwanga. Filamu ya rangi iliyopendwa kuliko zote ilikuwa Kodachrome, iliyoanza kuuzwa mwaka 1935 na kubuniwa na wanamuziki wawili, Leopold Mannes na Leopold Godowsky. Rangi zake zilikuwa za ajabu, nyekundu hasa, lakini ilikuwa na kiu ya jua: kasi yake, yaani wepesi wa kuhisi mwanga, ilikuwa ASA 10 tu, hadi toleo jipya la mwaka 1961 lilipofika 25. Ndani ya kanisa haikuona kitu. Usiku haikuona kitu. Kwa hiyo Ulaya ya mikanda hii ni Ulaya ya saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, wakati wa kiangazi, nje. Mtu amekaa Roma siku tano na hakuna hata sekunde moja ya dari ya Sistine, lile kanisa dogo la Vatikani lenye michoro. Anayehitimisha kutokana na hilo kwamba familia ile haikujali sanaa atakuwa amewaonea. Walisimama pale shingo zikauma, ila kamera ilikuwa imefungwa kwenye mkoba wake wa ngozi.

Wengine waliziba pengo kwa kununua. Kampuni kama Castle Films ya Marekani ziliuza rili fupi za safari zilizopigwa na mafundi, na familia zikazikata na kuziunga ndani ya mkanda wao. Utazitambua: ghafla kamera inatulia, mwanga unakuwa sawa, pengine picha inakuwa nyeusi na nyeupe, kisha baada ya sekunde thelathini shangazi anarudi na kutetemeka kwake. Mtafiti asiyejua desturi hii anaweza kumsifu mfanyakazi wa benki kwa kazi ya mpiga picha wa kulipwa.

Jambo moja zaidi kuhusu chombo, na hili ndilo linaloumiza zaidi. Kwa kawaida filamu hii haikuwa na negativu, ule utepe wa asili wa kutolea nakala. Ilisafishwa moja kwa moja ikawa picha ya kutazamwa, kwa hiyo utepe uliokuwa ndani ya kamera pale San Marco ndio uleule uliopita kwenye projekta ya sebuleni. Hakuna mwingine. Kila onyesho liliuchubua kidogo, na kila mara projekta ilipokwama taa ilitoboa shimo la kahawia kwenye uso wa mtu. Asetati nayo huoza kwa namna yake: inatoa asidi yenye harufu ya siki, inasinyaa, inajikunja, na ikishaanza haizuiliki, inacheleweshwa tu kwa baridi. Ukifungua kopo la urithi ukanusa kachumbari, usiliweke kwenye projekta ya zamani "tuone kidogo". Lipeleke likapigwe skani, fremu kwa fremu, na mwambie fundi mwendo ni picha 16 kwa sekunde. Wakiuchezesha mkanda kwa 24 au 25, watu wote watatembea kama kuku, na mtazamaji ataamini kwamba zamani watu walikuwa na haraka.

Sasa, nani alikuwa na kamera hiyo, na kwa nini alikuwa pale?

Ni habari ya fedha. Mwaka 1945 Ulaya haikuwa mahali pa matembezi; mkate ulikuwa wa mgao, madaraja yalikuwa mtoni. Lakini ilihitaji dola, na mtalii wa Kimarekani alikuwa dola inayotembea kwa miguu yake. Mpango wa Marshall, msaada wa Marekani wa kuijenga upya Ulaya uliomwaga takriban dola bilioni 13 kuanzia 1948, uliuona utalii kama bidhaa ya kuuza nje, sawa na chuma au divai; mwaka huohuo ikaundwa Tume ya Utalii ya Ulaya. Septemba 1949 pauni ilishushwa thamani kutoka dola 4.03 hadi 2.80, na usiku mmoja tu Uingereza ikawa rahisi. Mwaka 1950 ulikuwa Mwaka Mtakatifu wa Kanisa Katoliki, mahujaji wakafurika Roma. Mwaka 1952 mashirika ya ndege yalianzisha nauli ya daraja la watalii kuvuka Atlantiki, na Oktoba 1958 Pan Am ikaanza safari za ndege ya jeti kutoka New York hadi Paris. Hili linaonekana kwenye mikanda yenyewe: ya miaka ya mwanzo inafungua na meli, na safari ya meli inakula robo ya filamu, viti vya sitahani, mawimbi, mawimbi tena. Ya baadaye inafungua na bawa la ndege na wingu.

Wamarekani hawakuwa peke yao. Askari wao waliowekwa Ujerumani Magharibi walikuwa na likizo, mishahara, na maduka ya jeshi yaliyouza kamera kwa bei nafuu. Wajerumani wenyewe, uchumi wao ulipoinuka, walipakia familia kwenye Volkswagen na kupita Brenner, njia ya milima ya Alpi, kuifuata Italia. Wafaransa walipata wiki ya tatu ya likizo yenye malipo mwaka 1956. Waingereza walibanwa na serikali yao: mwaka 1952 mtu aliruhusiwa kutumia pauni 25 tu kwa safari nje ya eneo la sterlingi, yaani nchi zilizofungamanisha fedha zao na pauni, na mwaka 1966 ukomo ukarudi tena, pauni 50. Mkanda wa Mwingereza wa miaka hiyo una vyakula vya kopo na jiko la mafuta kando ya barabara. Usidhani wote walipenda kambi.

Pesa zikaamua njia, na njia ikaamua picha. Basi lilisimama palepale kila siku, kwa dakika zilezile. Kwa hiyo mikanda ya watu wasiojuana inafanana kama nakala: vinu vya upepo vya Uholanzi, gwaride la kubadilisha walinzi London, boti kwenye mto Rhine, mnara wa Pisa na mtu anayejifanya kuuzuia usianguke. Kibao cha "Firenze" barabarani kilipigwa kwa sababu kilikuwa maandishi ya bure, kichwa cha habari cha sura inayofuata. Watu waliozoea kamera ya picha za kawaida wanasimama wima, wanatabasamu, wanasubiri. Halafu mtu nyuma ya kamera anaonekana kuwafokea maana wote wanaanza kupunga mikono kwa pamoja. Mwenye kamera, mara nyingi baba, hayumo. Amebaki kama kivuli kirefu kwenye mawe ya uwanja.

Magofu je? Swali hili huwapa watu matumaini makubwa kuliko mikanda inavyostahili. Mara nyingi mtalii hakwenda kupiga vifusi, isipokuwa vifusi vyenye jina. Askari wengi wa Kimarekani walipanda Berchtesgaden kuitazama nyumba ya Hitler iliyochomwa, na walijua wanachokipiga. Lakini Cologne, mtu anapiga minara ya kanisa kuu, mita 157 za mawe, imejaa fremu kwa fahari. Mkono unachoka, kamera inateremka, na hapo chini kuna uwanja mtupu mahali palipokuwa na mtaa, ukuta mmoja wenye madirisha ya anga, mwanamke anasukuma mkokoteni. Sekunde mbili. Kisha kamera inakumbuka kazi yake na kupanda tena. London ni vivyo hivyo: kuba la St Paul's lilionekana vizuri kutoka pande ambazo kabla ya 1940 lisingeonekana, kwa kuwa majengo ya kati yalikuwa yamepigwa mabomu. Ule mwonekano mzuri, ule wa kadi ya posta, ndio kovu lenyewe.

Niseme na kuhusu wanaotazamwa, kwa sababu msomaji wa Afrika Mashariki ataliona hili kabla hata sijalitaja. Kwenye mikanda hii mwanakijiji wa Marken, Uholanzi, aliyevaa kofia ya lesi, anapigwa picha vilevile Mmasai atakavyopigwa miaka michache baadaye kando ya barabara ya Amboseli: kwa karibu, bila jina, kisha mkono unapeana sarafu. Watoto wa Naples, miguu mitupu, wanaikimbilia lenzi. Mmoja anafunika uso. Fedha zilipobadili mkono, macho nayo yalibadili mwelekeo, na kwa miaka kadhaa ilikuwa zamu ya Wazungu maskini kuwa mandhari.

Zamu hiyo haikuwa kamili. Maonyesho ya dunia ya Brussels ya mwaka 1958, Expo 58, yalivuta kamera nyingi za ridhaa, na kila mkanda una Atomium, zile tufe tisa za chuma zinazong'aa, mita 102 kwenda juu. Karibu nayo Ubelgiji ilijenga sehemu ya Kongo na Ruanda-Urundi, na ndani yake kijiji cha Kiafrika chenye mafundi waliosafirishwa kutoka Kongo, wakifanya kazi nyuma ya uzio huku wageni wakiwatupia ndizi. Mwezi Julai mafundi hao walichoka, wakaondoka. Mkanda wa Expo 58 ukifika mkononi mwako, usizime baada ya Atomium. Tazama kama kamera iligeuka upande ule, na kama mtu aliyekuwa anatazamwa aliitazama nayo.

Limebaki suala la tarehe, ambalo huwasumbua wanaorithi makopo yasiyo na maandishi zaidi ya "Italia 3". Mkanda mmoja una tarehe tatu, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya kutengenezwa kwa filamu: Kodak ilichapa pembeni alama ndogo, duara, mraba, pembetatu, kila mwaka mpangilio wake. Tatizo ni kwamba mzunguko wake ulijirudia kila miaka ishirini, kwa hiyo alama moja inaweza kuwa ya 1936, 1956 au 1976. Ya tatu ni ya kusafishwa: filamu ilikwenda maabara kwa posta, Sevran karibu na Paris au Hemel Hempstead Uingereza, na ikarudi kwenye kisanduku cha njano chenye muhuri. Usitupe kisanduku. Ya pili, iliyo katikati, ndiyo tunayoitaka: siku ya kupigwa. Hiyo haikuandikwa popote, inabidi ichunguzwe ndani ya picha.

Na hapo pembeni mwa fremu panaanza kulipa. Jumba la opera la Vienna likiwa bado na jukwaa la mafundi, ni kabla ya Novemba 1955. Magari ya Ujerumani Magharibi yenye namba nyeusi juu ya nyeupe yanaanza 1956. Nyumba ya Berchtesgaden ililipuliwa Aprili 1952. Ikionekana imesimama, hata bila paa, ni kabla ya hapo. Paris yenye kuta nyeusi kwa masizi ni ya zamani kuliko Paris ya rangi ya maziwa, kwani usafishaji mkubwa wa majengo ulifanywa wakati André Malraux akiwa waziri wa utamaduni, hasa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Magari yakikimbia kushoto mjini Roma, skani imegeuzwa kinyume. Soma vibao vya maduka uthibitishe. Yakikimbia kushoto Stockholm, tulia, Sweden ilihamia kulia Septemba 1967.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Florence. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Agosti 1944, Wajerumani waliokuwa wanarudi nyuma walilipua madaraja yote ya mji isipokuwa Ponte Vecchio. Ponte Santa Trinita, daraja la karne ya 16 lenye sanamu nne za majira ya mwaka, lilianguka mtoni. Watu wa mji waliyaopoa mawe yake, na daraja likajengwa upya kama lilivyokuwa, likafunguliwa mwaka 1958. Sanamu tatu zilirudi na vichwa vyao. Ya nne, Majira ya Machipuko, ilisimamishwa bila kichwa, kwa kuwa kichwa hakikuonekana, ingawa ilitangazwa zawadi kwa atakayekipata. Kiliopolewa kutoka mto Arno Oktoba 1961.

Sasa tuseme una mkanda wa "Italia 3". Jua kali, mke kavaa nyekundu, Ponte Vecchio imejaa fremu na maduka yake ya dhahabu. Mwenye kamera anageuka taratibu kuufuata mto, anatafuta kitu kingine cha kupiga, hakipati, springi inalegea. Katika sekunde ya mwisho, kwenye kona ya kushoto, yupo mwanamke wa jiwe amesimama kwenye kona ya daraja, na juu ya shingo yake ni anga tupu.